Blogu, Mitandao ya Kijamii na Mwenye Maneno

Blogu binafsi ni ukurasa wa intaneti anaouandika mtu mmoja kwa jina lake au kwa lakabu, maandishi mapya yakikaa juu na ya zamani yakishuka chini kufuata tarehe. Pembeni huwa na orodha ya miaka na miezi, na kila andiko lina kiungo chake kisichobadilika. Mtandao wa kijamii hauna mpangilio huo. Humo maneno ya mtu huchanganywa na ya maelfu ya wengine, na kompyuta za kampuni ndizo zinazoamua nani aone nini, na lini. Kwamba mitandao imeziondoa blogu katika nafasi yake si jambo la kubishaniwa sana ikiwa kinachohesabiwa ni wasomaji. Lipo swali lingine ambalo hesabu hailijibu: mtu anapoyatoa maneno yake kwenye ukurasa wake na kuyamimina mtandaoni, je, anabaki kuwa mwenye maneno hayo kwa namna ileile, na anaweza kuulizwa juu yake kama zamani?

Huduma ya Blogger ilianzishwa na kampuni ndogo ya Pyra Labs mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003, mwaka uleule ilipotoka programu ya WordPress. Kabla ya hapo, aliyetaka ukurasa wake alilazimika kujifunza kuunda kurasa za wavuti au kumlipa fundi. Blogger ilileta kisanduku cha kuandikia na kitufe cha kuchapisha, basi. Mmoja wa waanzilishi wake, Evan Williams, alishiriki tena kuianzisha Twitter mwaka 2006, kisha mwaka 2012 akaanzisha Medium, iliyokusudiwa kuyarudishia maandishi marefu heshima yake. Mkono mmoja umepita katika vyote vitatu, na hilo latosha kuitilia shaka simulizi ya maadui wawili wanaouana.

Katika Kiswahili, mmoja wa watangulizi alikuwa Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe. Mwaka 2005 akafuata mpiga picha za habari Issa Michuzi, ambaye ukurasa wake ulikuja kuwa maarufu kuliko zote Tanzania. Muundo wake ulikuwa mwepesi: picha moja, mistari miwili mitatu ya maelezo, na chini yake maoni ya wasomaji walioitwa wadau, wakimwita mwenye ukurasa Ankal. Aliyeko Dar es Salaam na aliyeko ughaibuni walikutana hapo juu ya harusi, msiba, mechi ya Simba na Yanga au mapokezi ya kiongozi uwanja wa ndege. Blogu hiyo iliyoanzishwa na mtu mmoja ilijiita Globu ya Jamii, na kwa kweli ilikuwa inafanya kazi ya mtandao wa kijamii kabla Watanzania wengi hawajafungua akaunti ya Facebook. Salamu, misiba na harusi ndivyo vilivyohama kwanza simu zilipoenea. Kuhama kwa mambo hayo hakukuiathiri falsafa ya uandishi hata kidogo.

Kenya inatoa mfano mzito zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, wengi walikimbilia Kenyan Pundit, blogu ya mwanasheria Ory Okolloh. Tarehe 3 Januari 2008 aliandika humo kuwaomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi, na siku chache baadaye ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ikawa hewani. Miaka 16 ikapita. Juni 2024, vijana walioupinga Muswada wa Fedha hawakuhitaji blogu ya mtu yeyote. Muswada ulifafanuliwa kwa video fupi za TikTok katika lugha mbalimbali za nchini, mijadala ya sauti ikaendeshwa kwenye X, yaani Twitter ya zamani, na tarehe 26 Juni rais akatangaza kwamba hatausaini. Kwa kasi na kwa wingi wa watu, blogu isingefua dafu. Lakini anayetaka leo kujua nani alisema nini kwanza, na nani alimjibu, ana kazi. Video nyingine zimefutwa, akaunti nyingine zimebadili majina, na nakala zimepostiwa upya na watu ambao hawakuwa waandishi wake. Ombi la Okolloh, kinyume chake, lilitoka na tarehe na jina juu yake, na tangu siku hiyo linatajwa kwa tarehe hiyo na kwa jina hilo.

Sababu za watu kuhama ni za kawaida kuliko inavyodhaniwa. Mikongo ya chini ya bahari ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na intaneti ikaanza kutoka kwenye kafe na kuingia simuni. Mwaka huohuo Facebook ilitoa toleo la Kiswahili na kuweka kitufe cha kulaiki. Blogu ilitaka mtu akae mezani mbele ya kibodi, ilhali simu ilitaka picha, maneno machache na kidole gumba. Mwaka 2014 mpango wa Internet.org wa Facebook, uliowapa watu kurasa chache bila malipo, uliingia Zambia, kisha Tanzania na Kenya, na kampuni za simu zikauza vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko intaneti ya kawaida. Mwenye kifurushi cha namna hiyo akibonyeza kiungo cha blogu alichotumiwa WhatsApp, ama ukurasa haufunguki, ama salio linaliwa. Wanaojadili hatima ya uandishi hulisahau jambo hili dogo, ilhali ndilo lililoamua mengi. Julai 2013 Google nayo iliifunga Google Reader, chombo kilichomkusanyia msomaji maandishi mapya ya blogu anazozipenda. Tangu hapo wengi wakazoea kungoja andiko liletwe mbele yao na mtandao badala ya kulifuata.

Tanzania iliongeza sababu ya kisheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu akate leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka zilifika jumla ya shilingi 2,100,000 hivi. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Aliyekuwa akiandika mapishi au mashairi kwa kujifurahisha hakuwa na sababu ya kutoa fedha kama hizo, wakati kuandika yaleyale kwenye akaunti yake ya Facebook hakukudai leseni. Baadhi ya blogu zilinyamaza, na jukwaa la JamiiForums lilisimamisha huduma kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Sehemu ya kile kinachoitwa chaguo la wasomaji, kwa hiyo, ni kazi ya bei na kanuni.

Husemwa kwamba mwenye blogu ni mwenye nyumba na mtumiaji wa Facebook ni mpangaji. Kauli hiyo ni kweli nusu. Blogu nyingi za Kiswahili ziliwekwa Blogspot, ambako nako ni kwa Google, na aliyejinunulia anwani yake huipoteza akisahau kuilipia. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009 pamoja na kurasa za mamilioni ya watu. MySpace nayo, mtandao wa kijamii uliowahi kuwa mkubwa kuliko yote, ilikiri mwaka 2019 kwamba imepoteza muziki uliowekwa humo kwa miaka 12. Wote ni wapangaji, ila masharti yanatofautiana. Mwenye blogu anaweza kupakua maandishi yote na maoni yake katika faili moja akahamia kwingine. Mpangilio wa maandishi ni wake, na msomaji hulikuta andiko la kwanza na la mwisho bila dalali kumchagulia. Mitandao pia huruhusu mtu kupakua data zake, lakini anachopata ni rundo la vipande vilivyotengwa na mazungumzo yaliyovipa maana: jibu lipo, swali la mwenzake halipo.

Hapo ndipo fikra ya kale inaposaidia. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, Plato anamwonyesha Sokrates akiyalaumu maandishi. Neno likishaandikwa huzurura popote, kwa wanaolielewa na kwa wasiohusika nalo. Likiulizwa hurudia lilelile, na likionewa linamhitaji baba yake aje kulitetea. Kwa karne nyingi lawama hiyo ilikosa jibu la kuridhisha, kwa kuwa mwandishi wa kitabu ama alikuwa mbali, ama amekwisha kufa. Blogu iliijibu kwa kiasi chake: baba yupo. Msomaji aliuliza chini ya andiko, mwandishi akajibu hapohapo, akasahihisha kosa au akashikilia msimamo, na swali na jibu vikabaki vikisomeka pamoja na andiko lenyewe. Maoni yenyewe mara nyingi yalikuwa matusi ya watu wasio na majina, na wenye blogu walitumia muda mwingi kuyafuta. Hata hivyo, aliyetukanwa alijulikana anapatikana wapi.

Mtandao wa kijamii umezidisha majibu na kumpunguza baba. Mfano ulio wazi ni ujumbe wa WhatsApp unaofungua kwa maneno “Nimeipokea kama ilivyo”. Anayeutuma amejivua dhamana kabla hajasema kitu, na aliyemtumia alifanya hivyohivyo. Tangu 2018 WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na Aprili 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, ikazuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Alama hiyo inaeleza kwamba maneno yametembea sana, lakini haielezi yametoka kwa nani. Wanazuoni wa hadithi katika Uislamu waliliangalia jambo hili kwa jicho jingine kabisa. Kwao habari huja na sanad, yaani mlolongo wa walioipokeza, na mlolongo ukikatika, habari huhesabiwa dhaifu hata kama maneno yake yanapendeza. Elimu hiyo inasomeshwa hadi leo katika vyuo vya pwani, Lamu, Mombasa na Unguja, na haikosekani simu ya aliyeisoma ambayo inasambaza dawa ya kisukari isiyo na sanad wala daktari.

Hata hivyo itakuwa makosa kudhani kwamba blogu ndiyo iliyolingana na mila ya uandishi wa Kiswahili, na mitandao ikaja kuivuruga. Huenda ni kinyume. Mshairi wa Kiswahili hakuwa mtu wa kujifungia na kujisemea. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, zilitoka katikati ya ugomvi wa siasa baina ya Mombasa, Lamu na Seyyid Said. Zilijibu na zilijibiwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na malumbano ya kishairi yakawa desturi ya magazeti yaliyofuata. Mmoja hutupa fumbo, mwingine hulifumbua toleo la mbele, wa tatu huwakosoa wote wawili. Mtu anayezijua kurasa hizo hawezi kuushangaa uzi mrefu wa komenti. Kilichokuwapo na sasa hakipo kwa uhakika ni sahihi: mtunzi aliweka jina au lakabu yake, na mji wake, na aliyetaka kumjibu alijua anamjibu nani.

Kisa cha Muyaka kina upande wa pili. Tungo zake zilienea vinywani kwa muda mrefu baada ya kifo chake, zikachanganyika na za wengine. Aliyezinusuru ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuzinakili kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940 na William Hichens. Malumbano ndiyo yaliyozizaa tungo, na ukusanyaji ndio uliomfanya Muyaka awe mtu mmoja anayeweza kusomwa, kupimwa na kupingwa. Hizi ni kazi mbili, na mabishano juu ya blogu na mitandao huzichanganya. Mtandao wa kijamii umeichukua ile ya kwanza kwa haki, maana unaifanya vizuri zaidi. Ya pili haukuichukua. Imeachwa, na wengi hawajatambua kwamba imeachwa.

Ushahidi wa hilo unaonekana katika riwaya za Kiswahili zinazoandikwa Facebook. Mwandishi huweka sehemu ya 1 usiku, sehemu ya 2 kesho yake, akisubiri komenti zifike idadi fulani kabla ya kuendelea. Kufikia sehemu ya 14, chini ya andiko hakuna tena mjadala wa wahusika. Kuna watu wanaouliza sehemu ya 9 iko wapi, mwingine anajibu kwamba aliiona kwenye kundi jingine, wa tatu anaomba atumiwe inbox. Mwandishi mwenyewe hupekua akaunti yake kuitafuta. Mwisho huhamishia mwendelezo kwenye kundi la WhatsApp la kulipia, au hufungua blogu ili zote zikae pamoja kwa mfuatano. Blogu aliyoambiwa imekufa inarudi kwa mlango wa uani, kama ghala. Sehemu nyingine hali ni hiyohiyo kwa sura tofauti: Substack, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2017, kimsingi ni blogu inayopelekwa kwa barua pepe.

Swali la kidini limejificha katika kitufe cha kulaiki. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima katika Ihya Ulum al-Din kuzungumzia kupenda cheo na ria, yaani kutafuta nafasi katika nyoyo za watu kwa kuonyesha mema. Hakulirahisisha. Alikubali kwamba tendo jema linaweza kudhihirishwa ili wengine waige, mradi mtendaji auchunguze moyo wake. Augustino naye aliandika Maungamo yake akimsemesha Mungu huku akijua fika kwamba wanadamu watasoma. Kuandika mbele ya hadhira mbili, ya mbinguni na ya duniani, ni jaribu la zamani, na blogu haikuwa na utakatifu wowote katika hilo: nyingi zilibandika kaunta ya wageni pembeni, na tarakimu zake zilitangazwa kwa fahari.

Tofauti ni kwamba kaunta ilihesabu ukurasa wote, na mwandishi aliitazama mwisho wa siku. Laiki huhesabu kila neno peke yake, mbele ya watu, ndani ya dakika chache, na mashine huitumia hesabu hiyo kuamua kama neno lijalo litaonwa. Mtu akiandika juu ya mgawanyo wa mirathi akapata laiki chache, kisha akaweka udaku wa msanii na simu ikawaka moto, amefundishwa somo bila mwalimu. Akirudia hivyo mwaka mzima, nia aliyoanza nayo si lazima iwe imeharibika. Inaweza kuwa imesahaulika tu. Wanaosaka kiki kwa makusudi hawasumbui sana fikra, kwa sababu wanajijua. Anayesumbua ni yule mwaminifu anayeongozwa asikotaka kwa hatua ndogondogo, akiamini anawahudumia wafuasi wake. Ghazali angemtambua, ingawa sheikh aliyemfikiria hakuwa na tarakimu ya kumwonyesha kila baada ya swala amependwa na wangapi.

Limebaki suala la kumbukumbu. Mwanafalsafa wa Ufaransa Paul Ricoeur, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya nafsi na mwingine, alitenganisha namna mbili za mtu kubaki yuleyule: kwa tabia zisizobadilika, na kwa kutimiza neno alilolitoa hata kama tabia na hisia zimebadilika. Blogu iliyodumu miaka 10 huiweka namna ya pili mahali pa kuonekana. Andiko la zamani liko chini ya jipya, na aliyegeuza msimamo analazimika kueleza amegeukaje. Kwenye mtandao wa kijamii mtu anaweza kusema kinyume cha alichosema mwaka jana bila yeyote kugundua, yeye mwenyewe akiwemo. Stori za Instagram, zilizoanza 2016, na status za WhatsApp, zilizofuata 2017, hupotea baada ya saa 24.

Watetezi wa kusahau wana hoja nzito. Si haki mtu wa miaka 40 kufuatwa na upuuzi alioandika akiwa na 20. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuidai Google iondoe, kwenye matokeo ya utafutaji wa jina lake, viungo vya habari zilizopitwa na wakati. Kusitiriana aibu ni fadhila katika dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki, na si vigumu kuiona rehema katika ujumbe unaojifuta. Lakini ujumbe huo haujifuti kwa kila mtu. Kampuni inaweza kuwa na nakala, na hasimu mwenye picha ya skrini hakika anayo, ameihifadhi mpaka siku ya uchaguzi au ya kuvunjika kwa urafiki. Aliyesahaulishwa maneno yake ni mwenyewe peke yake. Hivyo kilichobadilika si kiasi cha kumbukumbu bali mikono inayoishika, na mtu anayetakiwa kujibu kwa neno lake mara nyingi hana nakala ya kuonyesha nini kilitangulia na nini kilifuata.

Hali hiyo hujidhihirisha zaidi mwandishi anapofariki. Blogu iliyoko Blogspot hubaki ilivyo hadi Google iamue vinginevyo. Iliyoko kwenye anwani ya kulipia hutoweka ada isipolipwa, na warithi ambao hawakuachiwa nywila hawana la kufanya. Tangu 2015 Facebook imemruhusu mtumiaji kumteua mtu wa kuisimamia akaunti yake atakapofariki. Mteule huyo anaweza kubandika tangazo la msiba na kubadili picha ya wasifu, na kama marehemu aliruhusu, kupakua nakala ya alivyoposti. Hawezi kuingia kwenye akaunti kama mwenyewe, wala kusoma ujumbe wake wa faragha. Kazi ya kupanga alichokipakua, kutenga mzaha na hoja, na kuamua kipi kisomwe baada ya kipi, haimo katika huduma yoyote inayotolewa.